Asiye na Nyumba, Nani Balozi Wake?

Tangu TANU ilipoleta mpango wa nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, sisi wanachama tumezoea kuhesabiana kwa milango. Mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa kumi. Juu ya milango kumi yuko balozi. Juu ya mabalozi liko tawi. Na kuendelea hivyo mpaka makao makuu. Hatuutukani mpango huo. Mgeni akilala kijijini, balozi hujua. Mtoto akishikwa na homa usiku wa manane, balozi ndiye hugongewa. Lakini mpango wa kuhesabu milango una tundu, na tundu hilo twataka kulitaja leo bila ya kumung'unya maneno: mtu asiye na mlango hahesabiwi. Hana balozi. Na asiye na balozi, zahanati haimjui, bima haimjui, TASAF haimjui, wala halmashauri haimjui, ila siku mgambo wanapotumwa kumwondoa barazani.

Wala si kweli kwamba watu hawa hawahesabiki. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, usiku wa sensa, makarani walitumwa mpaka stendi, nyumba za wageni na hospitali, wakawaandika hata wale wasio na makazi maalumu. Ndipo tukaambiwa kuwa Mkoa wa Singida una watu 2,008,058. Basi kwa usiku mmoja mwanamke anayelala juu ya gunia naye alikuwa mwananchi kamili, mmoja katika hao milioni mbili. Kulipokucha akarudi kuwa takataka ya barazani.

Tunamsema nani? Tunamsema mwanamke aliye peke yake, asiye na mume, asiye na kwao, asiye na pa kulala. Mwamwona kila siku, ndugu wasomaji. Ndiye anayeosha sufuria za mama lishe karibu na stendi ili apewe ukoko na ruhusa ya kulala kando ya jiko lenye majivu ya moto. Ndiye anayepanda lori kwenye kituo cha Shelui kwa sababu dereva ameahidi chai. Ndiye anayeokota vitunguu vilivyodondoka sokoni. Mkimwona mwasema, "Yule malaya," au "Yule kichaa," kisha mwapita. Hamumwulizi alitoka mlango gani, na nani aliufunga.

Tuanze na mjane, kwa kuwa yeye ndiye ambaye kila mtu humlilia siku tatu na kumsahau siku ya arobaini. Mume akifa, mashemeji hufika na daftari. Wanaandika ng'ombe, wanaandika mbuzi, wanaandika shamba la alizeti, wanaandika na mabati ya paa. Mwisho wanamwandika na yeye: ama arithiwe na mmoja wao, ama afunge furushi. Akiwa na vijana wa kiume wakubwa, huenda akaachiwa pembe moja ya tembe. Kama hakujaliwa kuzaa, au amezaa mabinti watupu, ole wake.

Jambo hili si la mdomo tu. Liliandikwa. Mwaka 1963, Uhuru ukiwa mchanga bado, ilitolewa amri iliyokusanya sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Humo ikawekwa kuwa mjane hana fungu katika urithi wa mumewe ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake yeye ni kutunzwa na watoto wake. Tulimfukuza Mwingereza, kisha tukaipiga chapa dhuluma yetu wenyewe na kuiita mila! Jirani zetu wawili, wajane wa Kisukuma wa Shinyanga, walifukuzwa na mashemeji zao katika nyumba walizojenga na waume zao. Wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama ikakubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Wakakata rufaa, mwaka 2010 rufaa ikatupwa kwa dosari ya karatasi. Ilibidi wafike mpaka kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayopinga ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema wazi kuwa haki zao zilivunjwa. Mnyaturu asicheke akisoma habari hizi. Mnyiramba asicheke. Mgogo wa Manyoni naye asicheke. Daftari la mashemeji ni lile lile.

Aliyeachika naye ana hadithi yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mahakama inaweza kugawa mali waliyoichuma mume na mke kwa juhudi zao pamoja. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikata shauri kwamba hata kazi za nyumbani, kupika na kulea na kufua, ni mchango katika mali ya ndoa. Ni hukumu nzuri, yafaa kila binti wa shule aijue. Lakini kutoka meza ya Mahakama ya Rufani mpaka tembe la Mgungira ni safari ndefu, na mwanamke aliyetimuliwa usiku na kanga moja hana nauli ya kwenda kuitafuta hukumu hiyo. Akienda kwa kaka zake, nao wanamtazama kama deni lililorudi: wanawaza ng'ombe wa mahari watakaodaiwa. "Rudi kwa mumeo, dada, uvumilie." Akirudi anapigwa. Akivumilia anavunjwa mkono. Akikimbia, anakimbilia stendi.

Kuna na bibi aliyesingiziwa uchawi kwa kuwa macho yake ni mekundu. Macho hayo, jamani, ni moshi wa kuni na samadi aliopikia miaka hamsini; ni ugonjwa wa vikope, ambao kwa miaka mingi umesumbua mikoa hii mikavu ya katikati ya nchi. Dawa yake ipo na upasuaji wake upo. Lakini sisi tuna panga karibu kuliko dawa ya macho. Kuna na binti aliyekwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani akiwa na miaka 14, akarudi ana mimba na furushi, baba akasema hamjui. Kuna binti aliyekimbia kisu cha ngariba. Na kisu hicho si hadithi ya kale, maana utafiti wa taifa wa mwaka 2015-16 ulikuta kuwa katika kila wanawake 100 wa Singida wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 31 walikuwa wamekeketwa. Kuna aliyetibiwa akapona katika Hospitali ya Mirembe, Dodoma, akarudi kijijini akakuta ndugu wameisha jenga ukuta mahali palipokuwa na mlango wake.

Sasa mwanamke huyo augue. Hapa ndipo twataka msomaji asiharakishe.

Anakohoa wiki tatu. Anakwenda zahanati, anapimwa, anaambiwa ni kifua kikuu. Dawa ni za bure, hilo twalisifu. Lakini dawa hizo humezwa miezi sita bila ya kukatiza, na kwa kawaida hutakiwa mtu wa nyumbani amsimamie mgonjwa akimeza. Mganga anauliza, "Unakaa wapi? Nani atakusimamia?" Anataja baraza ya duka. Mganga ananyamaza, anaandika kitu. Wiki ya kwanza anakuja. Wiki ya pili mgambo wamefagia stendi, amekimbilia Manyoni. Dawa ni kali, tumbo ni tupu, anatapika. Wiki ya tano haonekani tena, na katika kitabu anaandikwa kuwa ni mtoro wa dawa. Mtoro! Mtoro wa kutoka wapi, naye hana alikokuwa? Na kifua kikuu hicho kilichoachwa katikati hakikai naye peke yake. Kinarudi kikiwa sugu, kinapanda basi, kinaingia sokoni, kinaingia katika nyumba zenu zenye milango mizuri.

Au ana uvimbe tumboni unaotaka hospitali kubwa. Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu uanze katika miaka ya 1990, uliwekwa msamaha kwa wasio na uwezo. Vema. Lakini msamaha wataka barua ya mtendaji wa kijiji au wa mtaa. Mtendaji anatazama daftari lake la wakazi. "Wewe si wa hapa. Nenda kwenu wakuandikie." Kwenu ni wapi? Kwa mume aliyemfukuza? Kwa shemeji aliyechukua ng'ombe? Basi anarudi na uvimbe wake. Mtendaji hakumpiga, hakumtukana, amefuata utaratibu tu. Na utaratibu umemwua.

Tazameni sasa jinsi mambo yote mema ya nchi hii yalivyofungwa kwa kamba moja. Kadi ya CHF iliyoboreshwa iliuzwa kwa kaya: shilingi 30,000 kwa watu wasiozidi sita. Familia ya watu sita ni shilingi 5,000 kila mmoja. Mwanamke peke yake, ambaye ndiye fukara kuliko wote, abebe 30,000 nzima mgongoni mwake! TASAF huandika kaya maskini, na kaya hizo huthibitishwa na mkutano wa kijiji. Asiye na kaya hatasimama mkutanoni, na akisimama ataulizwa yeye ni nani. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo sehemu 4 ni za wanawake, hutolewa kwa vikundi. Na kikundi gani cha mama zetu wenye maduka na vibanda kitamwingiza mtu anayelala nje? Tumeweka chakula juu ya meza nzuri, tukaweka sharti kwamba ale mwenye kiti tu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipopitishwa mwaka 2023, iliweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Twaipongeza. Lakini twauliza mapema, kabla majina hayajakauka wino: nani atamwandika asiye na mlango? Kama ni kwa orodha ile ile ya kaya, basi neno "wote" lina walioachwa nje tangu siku ya kwanza.

Hatujasema usiku. Mwanamke anayelala nje hulala kwa zamu na woga wake. Akishambuliwa, sheria za tiba zataka apate dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI kabla ya kupita saa 72. Saa hizo ni chache. Mara nyingi huanzia polisi kuomba fomu namba tatu, ile PF3. Akifika kaunta, nguo zimechafuka, anaulizwa alikuwa akifanya nini nje usiku. Alikuwa akilala, afande! Pale palipo na Dawati la Jinsia na kituo cha mkono kwa mkono, hupokewa vizuri, na watumishi wa vituo hivyo wamefanya kazi ya kusifiwa. Lakini tuwaulize wao wenyewe swali moja: mkisha mtibu, mkampa dawa, mkachukua maelezo yake, usiku ule analala wapi? Analala pale pale. Na aliyemshambulia anapajua.

Kuna na mambo madogo ambayo wanaume katika mikutano hukohoa yakitajwa. Kila mwezi mwanamke yuataka kitambaa safi, maji na mahali pa faragha. Choo cha stendi ni cha kulipia. Huyu hana hela ya kula, atatoa wapi hela ya choo? Hutumia matambara, huugua, huona aibu kusema, na maradhi hayo hupanda ndani. Kansa ya mlango wa kizazi, ambayo ikigunduliwa mapema hutibika, huyu haigundui mpaka harufu imemtenga na watu. Mwalimu alitutajia maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi. Hapa wote watatu wamelala katika gunia moja.

Twajua mtatuonyesha Sukamahela. Kweli, wilayani Manyoni yapo makazi ya Serikali ya Sukamahela, na hatutaki kuyadharau. Wamelelewa pale watu ambao ukoo ulikwisha wasahau. Lakini makazi hayo ni ya wazee na wasiojiweza. Mwanamke wa miaka 35, mwenye mikono miwili, aliyefukuzwa jana Ikungi, si mzee wala si kilema. Je, angoje azeeke ndipo awe na haki ya kitanda? Au avunjwe miguu kwanza? Zipo pia nyumba za hifadhi za mashirika na za watu wa dini katika nchi hii, na wanaoziendesha tunawavulia kofia. Kule Mara mabinti wengi wameokoka na kisu kwa sababu ya nyumba za namna hiyo. Lakini nyumba hizo huishi kwa msaada wa wafadhili. Mfadhili akibadili nia yake huko kwao, mwanamke wetu anarudi barazani. Nchi iliyojitawala tangu mwaka 1961 haiwezi kuweka usingizi wa raia wake katika mfuko wa mtu wa ng'ambo.

Tena tunaposema nyumba hatusemi ghala la vitanda. Kumwondoa mtu stendi na kumfungia katika chumba chenye magodoro kumi na picha ya mgeni rasmi ukutani si hifadhi, ni kumficha. Yataka nyumba iwe na muuguzi anayefika kwa siku zinazojulikana, ili wa kifua kikuu ameze dawa zake mbele ya mtu na akiwa amekula, na wa virusi vya UKIMWI asikose vidonge kwa kuwa begi limeibwa. Iwe na afisa ustawi wa jamii ambaye kazi yake ni hiyo, si yule ambaye leo yuko mahakamani na watoto, kesho yuko kwenye maafa ya mafuriko, keshokutwa anapokea wageni. Mama mjamzito ajulikane mapema apelekwe chumba cha mama ngojea. Aliyevurugikiwa na akili asichekwe, atafutiwe dawa zake na atazamwe akizitumia. Mlango ufungike kwa ndani. Maji yawepo. Mlinzi asiwe na ufunguo wa vyumba vya kulala. Na daftari la siri libaki siri. Mume mwenye panga asiweze kuja kusoma jina. Wala asiwepo mtu wa kuwahubiria asubuhi na jioni kwamba wamekosa nini. Wamekosa nyumba.

Kisha awepo na mtu wa sheria, kwa sababu ugonjwa mkubwa wa wanawake hawa uko katika daftari la mashemeji, na panadoli haiutibu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria. Basi mmoja wao afike katika nyumba hiyo kila wiki, amwandikie mjane shauri la mirathi, amwandikie aliyeachika dai la sehemu yake. Wengine, ng'ombe wakirudi, hawatahitaji kitanda chetu hata mwezi mmoja.

Wapo wanaotupinga, nao tuwajibu, maana tumewasikia.

Wa kwanza husema, "Nyumba za namna hiyo ni mambo ya Wazungu. Kwetu Afrika hakuna asiye na kwao." Haya ni maneno matamu, na wanaoyasema zaidi ni watu wenye kwao. Hata sisi twaipenda jamii yetu ya zamani, ambayo mtu hakufa njaa jirani yake akiwa na ghala. Lakini Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipoandika juu ya Ujamaa Vijijini mwaka 1967, hakuipaka jamii hiyo mafuta. Alitaja kasoro zake mbili kubwa. Moja ilikuwa umaskini. Na nyingine ilikuwa kwamba wanawake waliwekwa chini na kufanya kazi kupita fungu lao. Aliyasema hayo mwasisi wa ujamaa, tena wazi. Leo mtu anayejidai kulinda mila kuliko yeye anatoka wapi? Ukoo ule uliomtunza kila mtu, ndio huu huu uliokuja na daftari. Ukoo ukikataa kazi yake, taifa liichukue. Ndiyo maana ya kuwa taifa.

Wa pili husema warudishwe makwao, wapewe nauli. Fikra hii si ngeni. Mkoloni alikuwa nayo: Mwafrika asiye na kazi mjini arudishwe porini. Katika kitabu cha adhabu tulichorithi kwake, uzururaji uliwekwa kuwa kosa. Na sisi wenyewe, kwa Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, tulisomba watu mijini kuwarudisha vijijini. Wengi wao walikuwa mjini tena kabla vumbi la lori halijatua. Mwezi Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni hapa hapa nchini, Arusha, ilitoa maoni kuwa sheria za kuwakamata watu kwa kosa la uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Kumpa mwanamke nauli ya kurudi kwa aliyemvunja mkono ni kumlipia aliyemvunja mkono usafiri wa fimbo yake.

Wa tatu, na huyu huongea kwa sauti ndogo, husema nyumba hizi zitaharibu ndoa. Wake wakijua kuna pa kukimbilia, watakimbia. Bwana huyu amejifunua nguo bila kujua. Kama mke wako anakaa nawe kwa sababu tu hana pa kukimbilia, basi wewe si mume, u askari wa gereza. Ndoa njema haitishwi na kitanda cha halmashauri.

Wa nne husema hakuna fedha. Fedha za mwenge zinapatikana. Fedha za fulana za sherehe zinapatikana. Hatusemi zifutwe. Twasema tu kwamba neno "hakuna" lina maana nyingi ofisini, na maana mojawapo ni "hakuna aliyeomba". Mkoa wetu umejua kujenga nyumba za walimu, umejua kujenga vyumba vya madarasa kwa mikono ya wananchi. Mchanga tunao, mawe, hata kupita kiasi, tunayo. Aliyeona majabali ya Singida hatasema tumekosa mawe ya msingi.

Na ajabu moja hutuuma zaidi. Mjini Singida upo uwanja wa mpira ulioitwa Namfua zamani. Leo unaitwa Liti, kwa jina la mwanamke wa Kinyaturu ambaye wazee wetu wanasimulia kuwa aliwakabili Wajerumani kwa nyuki. Tumempa mwanamke uwanja mzima, wenye majukwaa na mageti. Je, Liti angefika stendi usiku wa leo, mjane, hana watoto, ana kikohozi, tungemwonyesha wapi alale? Tungemwambia alete barua ya mtendaji.

Tukumbuke pia ni nani waliobeba chama cha wakombozi. Bibi Titi Mohamed alipowaamsha wanawake wa Dar es Salaam mwaka 1955, waliojitokeza mbele hawakuwa wake wa wakubwa. Wake wa wakubwa walikatazwa na waume zao, waliogopa kazi zao za serikali. Waliojitokeza wengi wao walikuwa wanawake wa kawaida wa mitaani, wengi waliokwisha achika, wenye kujipatia riziki kwa kupika maandazi na kuuza pombe, wenye vikundi vyao vya ngoma. Wanawake wa peke yao! Waliuza kadi, walificha viongozi, walitoa sumni zao. Leo mwanamke wa namna ile ile akipita mbele ya ofisi ya tawi anaambiwa aondoke, anachafua mandhari ya bendera.

Tanzania iliridhia mwaka 2007 Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake uliopitishwa mwaka 2003. Humo nchi zetu zimeahidi kwamba mjane atakuwa na haki ya kuendelea kuishi katika nyumba ya ndoa na kupata fungu la haki katika mali ya mumewe. Humo pia kuna kifungu kizima juu ya mwanamke aliye katika dhiki. Tuliweka sahihi kwa kalamu yetu. Hakuna Mzungu aliyetushika mkono.

Basi tawi lako lina kazi, wala si kazi ya kungoja waraka kutoka Dodoma. Balozi na awe na mlango wa kumi na moja katika daftari lake, mlango usiokuwa na mbao: aandike kila mwanamke anayelala nje katika eneo lake, jina analotaka kuitwa, mahali anapolala, na ugonjwa kama yeye mwenyewe amekubali kuutaja. Orodha hiyo ipelekwe kwa mtendaji, naye alazimike kutoa barua ya matibabu kwa mtu kwa sababu analala katika mtaa wake, bila ya kuuliza ukoo wake ni upi. Serikali za vijiji zina mamlaka ya kugawa ardhi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kuipata. Kijiji chenye mapori ya wazi kisiseme hakina nusu eka kwa mwanamke anayetaka kulima mtama wake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, twasema kila siku. Lakini jembe bila shamba ni chuma tu.

Na diwani wako, ambaye atakuja kukutembelea akicheka, mwulize kabla bajeti ya halmashauri haijapigwa muhuri na mwaka mpya wa fedha kuanza mwezi Julai: fungu la nyumba ya hifadhi ya wanawake liko ukurasa wa ngapi? Fungu la kuwalipia bima mmoja mmoja, si kwa kaya, ni shilingi ngapi? Muuguzi wake ametajwa? Akisema litajadiliwa, mwombe aandike tarehe. Akisema hakuna wanawake wa namna hiyo katika kata yake, mchukue kwa mkono saa nne za usiku, mwende naye stendi.